Kichwa kikijaa, unashika kitabu gani? Uzi wa wanaosoma wakati wa dhiki

#1 Kurasa Zilizokunjwa (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Nyuzi za "vitabu vya kukubadilishia maisha" zimejaa humu na sina ugomvi nazo. Huu ni uzi wa kitu kingine. Naulizia kitabu unachokishika siku ambayo huna hamu ya chochote: kazi imeota mbawa, ndani kuna mgonjwa, umefiwa, au ni ule msongo tu usioeleweka unaokuweka macho usiku kucha ukipiga hesabu zisizojibu.

Wapo wanaobanwa hivyo wakasali, wapo wanaokwenda kukimbia, wapo wanaolala. Mimi husoma. Na kwa muda mrefu nimejiuliza kwa nini vitabu vingine vinanipunguzia mzigo na vingine, vizuri tu na vyenye sifa zake, vinanizidishia hasira.

Jibu nililonalo ni hili, mwenye kupinga apinge. Kitabu kinachofariji mara nyingi si kile kinachokuahidi kuwa mambo yatakaa sawa. Ni kile kinachoyataja mambo yalivyo, tena kwa usahihi ambao wewe mwenyewe ulikuwa huuwezi. Ukikuta mtu mwingine alishafika hapo ulipo na akapata maneno ya kupaeleza, unashusha pumzi. Kinachokuambia "tabasamu, kesho ni yako" kinakuacha na kazi mbili: kubeba dhiki, na kujifanya huna.

Nina mashahidi wawili.

Wa kwanza ni John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza. Baba yake alianza kumfundisha Kigiriki akiwa na miaka 3, na utoto wake wote ukawa masomo. Mwaka 1826, akiwa na miaka 20, akajiuliza swali moja: malengo yangu yote yakitimia leo hii, nitafurahi? Nafsi ikamjibu hapana. Akaporomoka. Anasimulia mwenyewe kwenye tawasifu yake iliyotoka 1873 kwamba kazi aliendelea kuifanya kwa mazoea tu, na vitabu alivyovipenda tangu zamani, vya watu wakuu na matendo makuu, havikumgusa hata kidogo. Kilichomfungua ni kumbukumbu za Mfaransa mmoja, Marmontel, pale anaposimulia kifo cha baba yake, nyumba nzima imeduwaa, na yeye akiwa bado mtoto anaamua kwamba atakuwa kwao badala ya yote waliyopoteza. Mill akalia. Anasema kuanzia hapo mzigo ukawa mwepesi. Mashairi ya Wordsworth, mshairi Mwingereza, ambayo ndiyo anayoyasifu sana, yalikuja baadaye, 1828. Mlango ulifunguliwa na habari ya msiba.

Wa pili ni wa lugha yetu. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3 nchini Kenya, kuanzia 1969, kwa sababu ya kijitabu cha siasa kilichouliza nchi inakwenda wapi. Mle ndani akatunga mashairi, akayaandika kwenye karatasi za chooni. Yakatoka kitabuni 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Jina halikufichi kitu. Ukiingia ndani hupewi pole kila ukurasa; unamkuta mtu anayejihoji, anayekasirika, anayeng'ang'ania msimamo wake wakati hakuna wa kumpigia makofi. Nimekishika kitabu hicho katika vipindi vibaya kuliko vyote vya maisha yangu, na hakijawahi kuniambia nisiwe na huzuni. Ndiyo maana narudi kwake.

Haya, zamu yenu. Mnasoma nini mkibanwa? Na la muhimu zaidi, mnasomaje, maana kuna siku macho yanapita juu ya mistari na kichwani hakibaki kitu.

#2 Sina Muda

Mkuu, mbona hili limeshathibitishwa kisayansi? Kusoma dakika 6 tu kunashusha msongo kwa asilimia 68. Kunazidi muziki, kunazidi kutembea. Tusome tu, maswali ya nini.

#3 Hesabu Kwanza

Nukuu: *"dakika 6 tu kunashusha msongo kwa asilimia 68"*

Hiyo namba nilijua itafika, ila sikutegemea iwe kwenye jibu la kwanza. Ni ya mwaka 2009, ilifanyiwa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza. Waliopimwa walikuwa wachache mno, aliyelipia ni mtengenezaji wa chokoleti, na haikupitia mchujo wa jarida la kitaaluma. Tangu hapo inazunguka mitandaoni na kila anayeipokea anaipaka rangi upya.

Sisemi kusoma hakutulizi. Mimi kunanituliza. Nasema tusiijenge nyumba juu ya namba hiyo.

Anayetaka utafiti mzito kidogo, upo wa watu wa Chuo Kikuu cha Yale, 2016. Walichukua takwimu za Wamarekani 3,635 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, wakawafuatilia kwa miaka 12. Wasoma vitabu walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika kipindi hicho, pungufu kwa takriban asilimia 20, hata baada ya kuzingatia elimu, kipato na afya. Wasomaji wa magazeti na majarida hawakupata faida kubwa kiasi hicho. Lakini hata huo unaonyesha vitu viwili vinavyotembea pamoja. Hauthibitishi kwamba kimoja kinamvuta mwenzake. Huenda mtu mwenye utulivu wa kusoma kitabu kizima ana mambo mengine mengi yaliyomkalia vizuri.

#4 Sina Muda

Hahaha, nimekoma mkuu. Kumbe nilikuwa natangaza chokoleti bure.

#5 Dada wa Zamu

Mleta uzi umeuliza "mnasomaje", nashukuru, maana watu hawalisemi hilo.

Mimi ni muuguzi. Nikitoka zamu ya usiku iliyokuwa mbaya, usinipe riwaya yenye wahusika ishirini na majina ya koo zao. Siwezi. Msongo unakula ule uwezo mdogo wa kushika vitu kichwani kwa muda mfupi. Unafika mwisho wa sentensi umesahau mwanzo wake. Watu wakifika hapo wanajilaumu: "siku hizi nimekuwa mvivu, hata kusoma siwezi". Hapana ndugu zangu. Kichwa kimejaa, hakina nafasi ya mgeni.

Ninachofanya ni kurudia. Nina riwaya moja ya upelelezi, jalada limeshaachana na kurasa. Muuaji namjua. Naifungua popote. Raha yake ni kwamba hakuna kitu kibaya ndani yake ambacho sikijui, na baada ya usiku ambao kila mlango unaofunguliwa unaweza kuwa na habari mbaya, hiyo ni zawadi kubwa sana.

Kwa hiyo kaka yangu Kurasa, sikubaliani nawe moja kwa moja. Mimi dhiki nimeiona zamu nzima kwa macho yangu. Sihitaji mtu anitajie.

#6 Bundi

Naunga mkono #5. Kuna dharau fulani ya wasomi kwa mtu anayesoma ili atoroke. Kwani kutoroka kuna dhambi gani? Anayelaumu kutoroka muulize yeye amefungiwa wapi.

Wamarekani walilijua hili wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kuanzia 1943 hadi 1947 walichapa vitabu vya bei rahisi, vidogo vya kuingia mfukoni mwa sare, wakawagawia askari bure: karibu nakala milioni 123, matoleo zaidi ya 1,300. Ndani yake kulikuwa na vichekesho, hadithi za wachunga ng'ombe, upelelezi, mashairi, kila kitu. Hawakumwambia askari asome ili ajiboreshe. Walimwambia chukua, soma, mpe mwenzako.

#7 Kurasa Zilizokunjwa (mleta uzi)

Dada wa Zamu, umenibana vizuri. Hoja ya kurudia nilikuwa sijaifikiria kwa namna hiyo, na nakubali kwamba anayeshinda ndani ya dhiki ya wengine ana haja tofauti na mwenye dhiki yake mwenyewe asiyepata pa kuisemea.

Bundi, mfano wako ni mzuri lakini unanisaidia mimi zaidi. Unajua kati ya vitabu hivyo kilichopendwa sana ni kipi? Ni riwaya ya Betty Smith, *A Tree Grows in Brooklyn*, habari ya msichana anayekulia kwenye umaskini, baba mlevi anayependwa, mama anayehesabu kila senti. Askari wakamwandikia mwandishi barua kwa wingi. Haikuwa na mashujaa wa vita ndani wala visiwa vya starehe. Vijana waliokuwa kwenye mashimo ya vita walitaka kusoma habari za nyumba ya watu wanaohangaika na wanaopendana. Hapo wametoroka au wamerudi? Mimi naona wamerudi.

#8 Bundi

Wametoroka vita, wakarudi nyumbani. Tugawane pointi, mkuu.

#9 Mzee wa Tenzi

Vijana wangu, nimewasoma wote kwa utaratibu. Niruhusuni nami niweke neno.

Mnazungumza habari za kusoma kana kwamba kusoma ni macho tu. Sisi wa zamani tulisoma kwa sauti, na tenzi zilitungwa zighaniwe. Ukiwa na moyo mzito, chukua utenzi, usome kwa sauti hata kama uko peke yako. Mshororo wa mizani nane unakuamulia pumzi: unavuta, unatoa, unavuta, unatoa. Vina vinakupeleka. Huhitaji kushika kisa kirefu kichwani, kwa hiyo lile tatizo analolisema binti yangu muuguzi hapo juu linapungua. Ubeti mmoja ni jambo kamili. Ukiumaliza umemaliza kitu, na kwa mtu aliyelemewa, kumaliza kitu hata kidogo si haba.

Kuhusu ubishi wenu, mimi niko na mleta uzi. Tazameni *Al-Inkishafi*. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonyesha magofu ya Pate, mji wa kale karibu na Lamu, majumba yaliyojaa taa na watu ambayo sasa wamebaki popo na ndege ndani. Mtu asiyelijua shairi atasema hilo litamzidishia mtu huzuni. Lakini wasomaji wamelibeba vizazi kwa vizazi. Kwa nini? Kwa sababu linamwondolea msomaji ule upweke wa kudhani kwamba kuporomoka kumeanza na yeye.

Na Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi, akisema naye kwa jina lake. Nimelisoma mbele za wafiwa. Hakuna aliyeniambia nimewatonesha. Walioniomba nirudie wapo.

#10 Dada wa Zamu

Shikamoo mzee. Hilo la pumzi nimelijaribu sasa hivi hapa kwenye chumba cha mapumziko, mwenzangu kaniuliza kama niko salama.

#11 Mzee wa Tenzi

Marahaba mwanangu. Mwambie akae naye asikilize.

#12 Mpenda Hamasa

Naona vitabu vya hamasa vinapigwa madongo humu. Mimi nilipoachishwa kazi, kitabu cha hamasa ndicho kilichonitoa kitandani. Kilinipa vitu vya kufanya: andika hiki, piga simu ile, oga, toka nje. Huenda mashairi yangeniacha kitandani nikilia kwa mizani nane. Msiwafungie watu mlango.

#13 Kurasa Zilizokunjwa (mleta uzi)

Sifungi mlango mkuu. Ila ona ulichokisema: kilikupa vitu vya kufanya. Hicho ni kitabu cha maelekezo, na maelekezo yana kazi yake. Ninachokikataa mimi ni kile cha kukuambia umefukuzwa kazi kwa sababu hukuwaza vyema.

#14 Hesabu Kwanza

Namtetea #12 hapa, maana upande wake ndio wenye ushahidi mzito kuliko wetu wote. Kuna vitabu vya kujisaidia vilivyojengwa juu ya tiba ya saikolojia, ile inayomfundisha mtu kuyakagua mawazo yake na kubadili anayoyatenda. Miongozo ya tiba ya Uingereza inaikubali njia hiyo kwa sonona isiyo kali, hasa pale ambapo kuna mtaalamu anayemfuatilia msomaji. Tangu 2013 kuna mpango England ambapo daktari anaweza kukuelekeza kwenye orodha ya vitabu vilivyochujwa na wataalamu, nawe unakwenda kuviazima maktaba. Ni kitabu badala ya vidonge, au pamoja navyo.

Kwa hiyo kuna aina mbili za tiba ya vitabu na tunazichanganya. Moja ni ya mazoezi na maelekezo, imepimwa. Nyingine ni ya riwaya na mashairi, watu wameishuhudia tangu zama za kale, ila kuipima ni vigumu, maana huwezi kumwandikia kila mgonjwa Marmontel ukategemea atalia ukurasa uleule.

#15 Dada wa Zamu

Ahsante Hesabu. Na mimi niongeze la kazini kwangu, kwa herufi za kawaida lakini mlisome kwa mkazo: kuna hatua ambayo kitabu hakitoshi. Mtu halali wiki nzima, hali chakula, anaongelea kujidhuru, au haoni tena sababu ya kuamka. Huyo usimpelekee riwaya ukaondoka. Kaa naye, mpeleke hospitali, mpigie anayeweza kumfikia. Kitabu atakisoma baadaye.

#16 Mgeni wa Maktaba

Huwa nasoma tu bila kuchangia lakini uzi huu umenitoa mafichoni.

Mmezungumza sana habari za faraja. Mleta uzi, tumaini umeliacha pembeni, na mimi naona ni kitu kingine. Faraja ni ya usiku wa leo. Tumaini ni mtu kufanya jambo ambalo halina maana kama kesho haipo.

Daraya ni mji ulio jirani na Damasko, Syria. Ulizingirwa na majeshi kuanzia 2012 hadi 2016, ukapigwa mabomu, chakula kikawa cha shida. Vijana wa pale wakaanza kuingia kwenye nyumba zilizobomoka kufukua vitabu. Wakakusanya maelfu kwa maelfu, wakavipanga kwenye rafu ndani ya chumba cha chini ya jengo, wakafungua maktaba. Watu wakaja kusoma na kuazima huku juu mabomu yanadondoka. Sasa sikilizeni kilichonishika mimi: ndani ya vitabu waliandika jina la mwenye kitabu kila walipolijua, ili vita ikiisha arudishiwe.

Fikirini. Mji unakaribia kwisha na kuna kijana amekaa chini anaandika jina la mwenye nyumba aliyekimbia, kwa sababu kitabu ni cha watu. Huo si usomaji wa kutoroka wala wa kulia. Ni kuishi kana kwamba kutakuwa na siku ambayo mtu atagonga mlango aulizie kitabu chake.

London nako, Septemba 1940, maktaba ya Bethnal Green ilipigwa bomu. Watu walikuwa wanalala kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi kuyakwepa mashambulizi. Maktaba ikawafuata kulekule chini, watoto wakaazima vitabu wakasubiri asubuhi.

Na hili la mwisho ni gumu kulisimulia. Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kwenye sehemu iliyoitwa kambi ya familia, watoto walikuwa na banda lao la mchana, na ndani yake vitabu vichache mno, havifiki hata rafu moja. Binti mmoja mwenye umri wa miaka 14, Dita Kraus, ndiye aliyekuwa mtunzaji wake. Walimu waliokuwa na kitabu kizima kichwani walikisimulia kikundi kimoja cha watoto hadi kingine. Wengi wa watoto wale hawakutoka hai. Dita alitoka, akaja kuwa mwalimu.

#17 Hesabu Kwanza

Mgeni, umeandika vizuri hadi nimeona vibaya kuuliza, lakini niulize. Daraya iliishaje?

#18 Mgeni wa Maktaba

Swali la haki. Agosti 2016 mji ulisalimu amri, watu wakapakiwa kwenye mabasi wakaondolewa. Askari wakaikuta maktaba, ikaporwa. Vitabu vile havikurudi kwa wenyewe kama walivyokusudia.

#19 Hesabu Kwanza

Basi tumaini lao lilishindwa.

#20 Mgeni wa Maktaba

Mpango ulishindwa, naam. Ila kwa miaka karibu mitatu watu waliozingirwa walikuwa na mahali pa kwenda ambapo hawakuwa watu wa kusubiri bomu tu. Walikuwa wasomaji, wanajadiliana, wanafundishana. Miaka hiyo waliiishi, na hakuna askari aliyeipora. Mimi silipimi tumaini kwa kuangalia kama lilitimia.

#21 Mzee wa Tenzi

Mgeni, ulijificha wapi siku zote hizi?

#22 Bundi

Kwa mtiririko huohuo, kuna kile kitabu cha Robben Island, gereza la kisiwani Afrika Kusini. Mfungwa mmoja alikuwa na juzuu ya kazi zote za Shakespeare. Akalibandika jalada kwa kadi za Diwali, sikukuu ya Wahindu, akawaambia walinzi ni kitabu chake cha dini, wakamwachia. Kikazunguka kwa wafungwa wenzake, zaidi ya 30, kila mmoja akitia saini pembeni ya maneno yaliyomgusa. Nelson Mandela alitia saini yake tarehe 16 Desemba 1977 kwenye *Julius Caesar*, pale Kaizari anaposema kwamba mwoga hufa mara nyingi kabla ya kufa kwake, na shujaa huonja mauti mara moja tu.

Tamthilia hiyohiyo Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaitia kwenye Kiswahili, ikachapwa 1963. Kwa hiyo tunaweza kuyasoma maneno aliyoyachagua Mandela kwa lugha yetu wenyewe.

Na mleta uzi, nakupa pointi hii bila kugawana: mtu amefungwa maisha, kitabu kizima kiko mbele yake, na vichekesho vimejaa humo. Amechagua mstari wa kifo.

#23 Kurasa Zilizokunjwa (mleta uzi)

Nimeipokea kwa mikono miwili.

Tena ongeza na ya 2020. Korona ilipoingia na watu wakafungiwa majumbani, Ufaransa na Italia walikimbilia *La Peste* ya Albert Camus, riwaya ya 1947 kuhusu mji uliofungwa kwa sababu ya tauni. Mtu yuko ndani kwa sababu ya ugonjwa na anakwenda kununua kitabu cha ugonjwa! Nadhani walitaka kujua watu wanaishije ndani ya kitu cha namna hiyo: nani anakuwa mlanguzi, nani anabaki kuuguza, nani anajidanganya kwamba kesho milango itafunguliwa. Taarifa ya habari iliwapa idadi ya waliokufa, lakini haikuwapa hilo.

Ila nikiri Dada wa Zamu ametikisa kitu. Huenda muuguzi wa 2020 hakuisoma *La Peste* hata kidogo.

#24 Dada wa Zamu

Hakuisoma. Alisoma upelelezi.

#25 Sina Muda

Swali la kijinga kidogo: mimi vitabu vyangu vyote viko kwenye simu. Ni sawa, au mnataka harufu ya karatasi?

#26 Hesabu Kwanza

Soma unapopata. Tatizo la simu ni moja: kitabu kiko mlango wa pili kutoka habari mbaya, ujumbe wa bosi na picha za watu wanaokula raha. Zima intaneti kwanza. Kama unasoma ili upate usingizi, kuna jaribio lililochapishwa Desemba 2014 lililowalinganisha wasomaji wa kifaa chenye mwanga na wa karatasi. Wa kifaa walichelewa kulala kwa karibu dakika 10 na homoni ya usingizi ikapungua. Walikuwa watu 12 tu, na walisoma saa 4 mfululizo kabla ya kulala, kwa hiyo usiliape. Punguza mwanga, inatosha.

#27 Jirani Mkimya

Samahani wakubwa, naingia na shida yangu. Mama yangu anaumwa muda mrefu sasa, macho yake hayasomi tena, na zamani alikuwa msomaji kuliko sisi wote. Nataka nimsomee jioni. Nimefikiria vitabu vya kumtia moyo, habari za waliopona. Mnaonaje?

#28 Dada wa Zamu

Pole sana mdogo wangu. Kabla ya kuchagua, muulize yeye. Wagonjwa huletewa habari za waliopona na kila anayeingia, na wakati mwingine wanazisikiliza ili wasimvunje moyo aliyezileta. Sura fupi ni nzuri zaidi. Akisinzia katikati usisimame ghafla. Endelea kidogo kwa sauti ileile, halafu ishushe. Na usimjaribu kesho yake kama anakumbuka mliishia wapi, mkumbushe wewe.

#29 Mzee wa Tenzi

Soma taratibu kuliko unavyodhani inafaa. Mwisho wa aya tulia kidogo, maana ndipo yeye atakapotaka kusema jambo, na hilo jambo ndilo mtakalolizungumza jioni hiyo. Kama kuna mashairi aliyoyahifadhi utotoni, anza mshororo kisha nyamaza. Ataumalizia.

#30 Jirani Mkimya

Nimemuuliza. Hataki ya kutia moyo. Anataka upelelezi, tena yenye maiti ukurasa wa kwanza. Shida ni kwamba mimi hadithi za mauaji zinaninyima usingizi.

#31 Dada wa Zamu

Pole, ila utasoma tu. Mama karibu sana kwenye chama chetu. Nitumie ujumbe wa faragha nikupe majina ya zile ambazo damu si nyingi.